Maswali Matatu ya Yangeyange

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi, na kabla ya saa nne nikaujua ujinga wangu. Hifadhi yetu ndogo ya ndege ilikuwa nyuma ya mashamba ya mpunga ya Buterere, ukingoni mwa Bujumbura, tope tupu hata kiangazi. Konservateri, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa hifadhi, aliniangalia miguu, akacheka kidogo, akanipa buti za mpira za mlinzi aliyenitangulia. Mlinzi huyo alikuwa amekufa. Hakuna aliyeniambia amekufaje, nami sikuuliza. Vita vilikuwa vimeshatufundisha adabu hiyo.

Nyinyi wa leo mnabonyeza simu na jina la ndege linajitokeza. Sisi tulianza na makalio: kukaa kimya majanini mpaka ndege wasahau kwamba upo. Kila likizo kubwa lori lilituletea watoto wajifunze ndege, watoto wa Gasenyi, Cibitoke na Buterere, mitaa ambayo miaka ile ilikuwa imeacha kutembeleana. Konservateri aliwabembeleza wazazi mlango kwa mlango. Kwetu sisi walinzi tuliowaongoza watoto aliweka sharti moja: mzazi mmoja tu akimtoa mtoto wake kwa hofu, anafunga programu, kwa sababu hakutaka kubaki na watoto wa upande mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mtoto akimwona ndege haanzi na jina. Anauliza maswali matatu: anakula nini, analala wapi, anamwogopa nani. Jina huja mwisho, likipenda. Na kulikuwa na neno moja la mwiko: kabila. Kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura kabila si la watu tu, hata maharage sokoni yana kabila. Lakini vita vilikuwa vya makabila, na Konservateri alituonya sote.

"Hapa ndege iko na espèce," alisema, yaani aina kwa Kifaransa. "Ile neno ingine muiache inje, ku barabara."

Asubuhi moja, baada ya usiku wa risasi, lori lilifika watoto wakiwa wameketi pande mbili, kama maharusi waliogombana. Pamoja nao alikuja mama mmoja wa Cibitoke aliyekataa kumwachia mwanawe, Thierry. Darubini zilikuwa chache, kwa hiyo nilimpanga Thierry na Jeanine, binti wa Buterere aliyeketi upande wa pili. Mama alikunja uso. Yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe, akatua mbele yetu.

"Mama Aziza," Jeanine aliniuliza, "hii ndege iko kabila gani?"

Alimaanisha ndege tu, maskini. Lakini watoto wote waliinamisha vichwa, na mama wa Thierry akasimama, akamshika mwanawe mkono. Nilijua akifika kwenye lori, programu imekufa. Na mimi, ambaye nyumbani huitwa redio, niliinama kukung'uta tope la buti.

Thierry hakuondoa jicho kwenye darubini.

"Apana anza na ile," alisema. "Anza na kenye inakula."

"Inakula mududu," Jeanine akajibu.

"Inalala wapi?"

"Mu miti, kule ku maji. Mingi pamoja."

"Inaogopa nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Jeanine alifikiri. "Watu yote."

Thierry akampa darubini. Jeanine hakuangalia ndege, alimwangalia yeye.

"Na we, unalala wapi?"

"Kwa mama mudogo. Kwetu walichoma. Na we?"

"Mu mpunga. Usiku tunalala mu mpunga, na mama, na mutoto."

Mama wa Thierry bado alikuwa amemshika mwanawe. "Mutoto?" aliuliza. "Na ile mbu yote?" Akavua kitenge alichojitanda mabegani, akakikunja, akampa Jeanine. "Utamufunika nayo." Kisha akaketi, palepale kwenye tope, na sketi yake nzuri. Nililia, sioni haya kusema, nikasingizia vumbi mahali palipojaa maji.

Nilipomsimulia Konservateri aliniambia tu nimwambie dereva kesho awahi. Baadaye alihamishiwa makao makuu, nami nikapandishwa kuwa mkuu wa waongozaji. Waliomfuata kwenye kiti chake walileta kadi nzuri zenye majina ya Kilatini. Nilizipokea kwa heshima, nikawapa watoto mwisho wa siku, baada ya maswali matatu. Buti nilizirudisha nilipostaafu. Zilinigusa moyo kuliko hotuba zote za kuniaga.

Siku hizi nikikaa kibarazani kwangu Buyenzi, mara nyingine kijana mgeni huniuliza kwa adabu, bibi, wewe ni kabila gani. Namjibu nilivyozoea. Nakula ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nalala hapa Buyenzi. Na watu nawaogopa wote, isipokuwa mama mmoja wa Cibitoke aliyeketi kwenye tope.