Chupa Sita za Septemba

Safari yangu ya kufika London ilichukua miaka tisa, kwa sababu kila niliposhuka nilikuta zabibu za kuchuma. Nilianzia kijijini kwetu Dodoma, ambako baba alipogoa mizabibu ya mapadri mpaka mgongo ukapinda. Nilipomaliza kidato cha nne nikatoka kupitia Tunduma, nikavuka Zambia, nikafika Afrika Kusini. Huko nilichuma misimu minne, nikilala banda moja la mabati na Wamalawi. Halafu Ureno, kwenye mashamba yaliyopanda mlima kama ngazi, ambako hatimaye nilipata karatasi za uraia. Enzi zile karatasi za Ureno zilifungua mlango wa London. Nikasafiri siku mbili kwa basi, nikashuka na begi moja. Mkasi wangu wa kupogolea ulibaki mikononi mwa mtu wa forodha.

Ninaandika haya hasira hazijapoa, na sina haraka ya kuzipoza.

Duka la mvinyo nililopata kazi lilikuwa mtaa wa Peckham, kati ya saluni ya kusuka na bucha lenye kanisa ghorofani. Mwenye duka alikuwa Mzungu wa rika langu, mpole, mtu wa kuomba samahani hata akipishana na mlango. Nilimbebea makreti miaka kumi na minne. Siku moja alifungua chupa, nami nikiwa bado mlangoni nikamwambia imeharibika, inanuka boksi lililolowa. Akaonja, akatema, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kufungua, tulionja pamoja na kutema kwenye ndoo. Mkiwa wawili, kutema ni kazi tu.

Mwezi Agosti akaniambia, "Mwaka huu nichagulie wewe mvinyo wa majira ya majani kupukutika. Chupa sita. Wateja wakizikubali, makreti basi. Utakuwa mchaguzi wa duka."

Nilikuwa nimechuma zabibu nchi tatu na hakuna aliyewahi kuniuliza zina ladha gani.

Nilichagua kwa wiki tatu. Watu wengi wakiona jani la kwanza barabarani hukimbilia mvinyo mwekundu mzito, kama wanatafuta dawa ya kikohozi. Wanakosea. Septemba ya London bado ina jua la alasiri. Inataka mwekundu mwepesi, unaouweka dirishani ukapoa kidogo, ukaunywa na uyoga wa kukaanga. Mzito usubiri siku ile ya kwanza unapowasha hita, nyumba ikanuka vumbi lililoungua. Kwa boga la kuoka nilichagua mweupe wa Afrika Kusini, wenye ukali wa kukata utamu wa boga; ulitoka bonde lile lile nililochumia zabibu. Mwisho nikaweka mtamu, wa kula na jibini na tufaha, kwa sababu ulinikumbusha divai ya mapadri na nyuki wa Septemba, mavuno yakiwa yamepamba moto kwetu. Yote haya niliyaandika kwa mkono wangu kwenye karatasi mbili, kwa Kiingereza changu cha sekondari.

Jumamosi ya kuonjesha wateja ilifika. Meza nne, watu kama ishirini, mimi na shati jeupe. Hapo ndipo nilipokosea, ikiwa ni kosa. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukinywa yeye kwanza mbele yako, akameza, ujue hakina sumu. Akikitema huku unamwona, amekutukana. Kwa hiyo kila meza nilijimiminia tone kwenye glasi yangu, nikameza, ndipo nikawamiminia wao. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akacheka.

"Unatuonjea kama wafalme!"

"Ndiyo, mama. Nikianguka, msinywe."

Meza nzima ikacheka. Chupa ya tatu nilikuwa sijaimaliza nilipovutwa mkono hadi nyuma ya friji.

"Samahani," mwenye duka alinong'ona, "unalewa mbele ya wateja wangu."

"Silewi. Nawahakikishia kinywaji ni salama."

"Ndoo iko pale. Kwa nini hutemi?"

"Siwezi kutema mbele ya wageni."

"Samahani, kuna makreti ya kupanga ghalani."

Mtu huyu huyu, akienda hotelini, humiminiwa tone aonje kabla ya wageni wake, naye humeza akitikisa kichwa kama askofu! Kwake hiyo ni adabu. Kwangu ni ulevi.

Nikiwa ghalani nilimsikia anasoma karatasi zangu. "Huu nimeuchagua kwa siku ya kwanza unapowasha hita..." Nimeuchagua! Watu wakapiga makofi. Kisha nikasikia sauti ya yule bibi, "Na yule bwana aliyekuwa anakunywa nasi yuko wapi?"

"Aa, yule ni kijana wa ghalani."

Kijana. Nina miaka arobaini na tatu, mvi zimeniota hadi kwenye ndevu.

Nyumbani Woolwich nilipanga nyumba moja na dada wa Kisumu, mlezi wa wazee, mlokole. Nilipomsimulia aliweka sufuria chini.

"Ai! Na wewe ukanyamaza tu? Nyinyi Watanzania upole utawamaliza."

Jumatatu sikunyamaza. Karatasi zangu zilikuwa zimebandikwa ukutani karibu na kaunta, na juu yake imeandikwa: Chaguo la mwenye duka. Nikamwambia aandike mchaguzi ni nani. Akaomba samahani mara tatu, akasema wateja wamezoea chaguo lake, akasema labda mwaka ujao, na leo kuna mzigo wa kushusha.

Nikabandua karatasi.

"Hizo ni za duka," alisema.

"Mwandiko ni wangu."

Nikanunua chupa moja ya ule mweupe, nikatoka, sikurudi.

Siku niliyoondoka London kurudi Ureno ilikuwa asubuhi ya ukungu, majani yameganda kwenye lami. Begi lilikuwa mlangoni. Nikafungua chupa, nikajimiminia kwanza, nikameza, nikamsogezea dada glasi.

"Mimi nimeokoka, kaka."

"Najua. Ni kwa sababu naondoka."

Akalowesha midomo, akakunja uso. "Uchungu hivi ndio mlipigania?"

"Huu hunywewa na boga."

Akafungua friji, akatoa viazi vitamu vya jana. Tukala tumesimama. Chupa nikamwachia apikie, karatasi nikaziweka mfuko wa ndani wa koti, nikaenda kungoja basi.