Milango Miwili ya Bibi Mwanaamina

Bibi yangu, Mwanaamina binti Nassibu, alikuwa mkaidi, na msinikatize, nasema kwa kumsifu. Alipoachika, muda si mrefu kabla ya vita vya Maji Maji, hakurudi kwa kaka yake kukaa jikoni na kungoja kusemwa. Alisema atajenga vyumba vya kupangisha. Mwanamke! Peke yake! Kibiti nzima ilicheka.

Mali yake ilikuwa minazi ya mama yake kule Mtunda, basi. Akaiweka rehani kwa Bwana Seleman, mfanyabiashara wa Mohoro: Seleman ale nazi, yeye apewe rupia, na asipozirudisha mpaka Idi ya mwaka wa tatu, minazi iwe ya Seleman moja kwa moja. Na mama yao alizikwa pale pale penye minazi. Ndiyo maana kaka yake, Mwinyimvua, alimjia juu.

"Mwanaamina, utatuuzia hata kaburi la mama?"

"Siuzi, kaka. Naweka, nitakomboa."

"Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi!"

"Basi naingoja hiyo Idi."

Kwanza watu walimletea habari ya nyumba kubwa ya bondeni, karibu na mto, kwa bei ya kutupa. Akaenda kuitazama, akaona ukutani alama ya mafuriko imefika usawa wa kifua, akageuka kurudi. Mpangaji gani atalala pale na mizigo yake? Akachagua kiwanja kidogo cha mchanga, mwinukoni, pale Kibiti walipopita wachuuzi wa nta na mpira wakielekea Dar es Salaam. Kuta alikandika kwa udongo, paa akaezeka makuti, kama kila mtu. Lakini rupia, karibu zote jamani, alizitia kwenye milango miwili ya mninga, mizito, yenye kufuli. Wenzake walikuwa wakiziba vyumba vyao kwa majamvi na kamba.

Mwinyimvua alishika kiuno. "Umenunua milango, nyumba iko wapi?"

Bibi akamjibu kwamba mchuuzi halipii ukuta, analipia usingizi. Na kweli, wageni walipishana pale. Mmoja akifunga mizigo, mwingine yuko kibarazani anangoja.

Ndipo vita vikaja. Mwinyimvua alikwenda kunyunyiziwa ile dawa ya maji, akarudi akiamini kwamba risasi haimpati. Bibi alimlilia asiende kupigana. Wapi! Ukaidi walizaliwa nao wote wawili.

Askari wa Mjerumani wakaanza kuchoma vijiji. Watu wakabeba vyungu na kuku, wakakimbilia vichakani. Bibi hakubeba hata chungu. Aling'oa milango yake, akaifunga kamba, akaiburura mmoja mmoja mpaka kwenye bwawa lililoko nyuma ya mashamba, akaizamisha topeni. Mabega yalimchunika. Watu wakasema kawa kichaa. Nyumba ikateketea nyuma yake, naye hakugeuka kuitazama.

Walikuwa bado vichakani, njaa imewakaba, Mwinyimvua alipoletwa na wenzake akiwa na risasi ya tumbo. Alifia mikononi mwa dada yake. Sasa, maiti huwekewa kiunza, ubao wa kumfunika mle kaburini ili udongo usimwangukie. Ubao utoke wapi? Shoka likilia msituni, askari wanasikia. Wazee wakasema tumfunike kwa majani, Mungu anajua hali yetu.

Bibi alijua mlango mmoja ni nusu ya kodi yake. Alijua kodi isipotosha minazi inakwenda, na kaburi la mama linabaki kwenye shamba la mtu. Akaingia kwenye tope mpaka kifuani, akatoka na mlango.

"Kaka yangu hafunikwi majani," alisema.

Wakaufungua ubao kwa ubao, kimyakimya. Bibi alilia siku ile, kanga mdomoni, mpaka sauti ikakauka, akamwambia kaka yake kwa hasira: "Uliniuliza nyumba iko wapi. Haya, ingia!"

Vita vilipopoa, alijenga chumba kimoja chenye mlango mmoja. Kibiti ilikuwa majivu. Wachuuzi walipoanza kurudi, chumba cha kufunga kwa kufuli kilikuwa hicho tu, wakapandishiana bei wao kwa wao. Bibi alilala kibarazani, mvua na jua, akala mizizi ya porini, kodi hakuigusa. Mkesha wa Idi akaenda kumwagia Bwana Seleman rupia zake mkekani. Seleman akazitazama, akamtazama na yeye, akasema, "Lo, wewe mwanamke!" Minazi ikarudi.

Chumba kile kikazaa vingine, mpaka ikawa safu hii mnayoiona. Na kila Idi, kabla hajaonja pilau, bibi alikwenda kwanza kwenye kaburi la Mwinyimvua, akainama, akauliza: "Umelala salama, kaka?"

Huyo ndiye mpangaji wake aliyekaa kuliko wote. Kodi hajalipa mpaka leo, na bibi alitukanya tusimdai.