Mwizi wa Keki Mwenye Mimba ya Miezi Saba

Yai moja la kuchemsha na maji. Hicho ndicho kilikuwa chakula changu cha mchana, na mashine ya kupima sukari ikasoma kumi na nne.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kazi yangu ni kupamba keki. Sukari ya mimba ilinikuta hapo. Nesi wa kliniki hakunitisha: wali usizidi ngumi yako, mboga nusu sahani, maharage kula, soda sahau. Pima asubuhi kabla hujala, pima saa moja baada ya mlo, isifike nane, andika kwenye daftari.

Sasa nyumbani kuna wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Huyu alijipa cheo cha askari wa sahani yangu bila kuombwa na mtu.

Jioni ile akalichukua daftari, miwani puani.

"Asubuhi, tano. Hapo uko mbele ya macho yangu. Mchana, ukiwa kwenye keki zako, kumi na nne. Hebu nieleze."

"Wifi, nimekula yai."

"Yai la krimu?"

Mume wangu alikuwa pale pale anatafuna, utadhani mgeni.

Haki ya nani, sikuwa nimeramba hata kijiko. Lakini kidole changu, namba zangu, nani angeniamini? Nikaacha wali. Nikaacha maharage. Wifi akawa ananihesabia hadi vipande vya tango.

"Usije ukamuua mtoto wa mdogo wangu kwa ulafi," aliniambia mbele ya wageni. Nilimchukia, nasema wazi.

Baada ya wiki mbili nikatoka kazini moja kwa moja hadi kliniki. Wifi naye huyo, kaja kunishtaki.

Nesi akanipima tumbo kwa futi. Akarudia.

"Halijaongezeka. Nani alikwambia ukae na njaa? Mtoto hakui."

Nikampa daftari.

"Anaiba keki, nesi," wifi akadakia. "Soma daftari."

Nesi akasoma, akaniuliza, "Mchana unapimia wapi?"

"Kazini, mezani kwangu."

"Unanawa?"

"Najifuta kwenye aproni."

Akanishika mkono, akatazama kucha. Sukari ya unga, nyeupe. Akanichoma kidole hivyo hivyo: kumi na mbili. Akanipeleka bombani, sabuni, nikajikausha, akachoma tena: sita.

"Mama, ulikuwa unapima keki."

"Mashine mbovu hiyo," wifi akasema. Nesi hata hakugeuka.

Mjinga wa kwanza ni mimi, nilishinda njaa kwa ajili ya aproni chafu. Nikarudia wali wangu wa ngumi moja, na mtoto akazaliwa na kilo tatu.

Kwa hiyo wewe mwenye sukari ya mimba, nawa, jikaushe, ndipo uchome. Namba zikigoma, mpelekee nesi, usimpelekee wifi.

Maana wangu sasa anatangaza kwa majirani kwamba mimba ile aliilea yeye. Juzi karudi kutoka huko, kanyoosha mikono apewe mtoto.

"Wifi," nikamwambia, "nawa kwanza."