Maji ya Jumatano

Phelista, kifungua mimba wangu, alisugua bwawa la kuogelea la umma pale Kitale kwa miaka sita. Meneja aliyelikodi aliwaruhusu watoto wetu Waafrika Jumatano tu. Jioni hiyo hiyo Phelista alimwaga maji yote, akasugua kuta kwa dawa, akajaza mengine. Wikendi ilikuwa ya Wazungu na Wahindi.

Mimi nilifurahi tu ana kazi. Hata nilimwambia, "Sugua sana, watoto wetu wana vumbi."

Halafu Wakoli, fundi wa baiskeli kutoka Bungoma, akaleta binti yake Jumamosi moja. Wakarudishwa langoni: "Siku yenu ni Jumatano." Akaenda kortini, na wakili wake akamwomba Phelista awe shahidi.

Nilimsihi. "Utafutwa! Nani atalisha watoto wako?"

"Mama, si wananiuliza tu kile nafanya?"

Siku ya kesi nilikaa nyuma. Meneja akashika Biblia, akaapa kwamba kila mtu huingia siku yoyote anayotaka. Nilishtuka. Mtu mzima, na Biblia mkononi!

Phelista alipopanda kizimbani, wakili wa meneja akatabasamu.

"Si ni wewe ulikuwa unamwaga hayo maji?"

"Ni mimi."

"Na miaka sita hukulalamika?"

"Nilidhani ni kweli sisi ni wachafu."

Meneja hakuwa peke yake aliyemfundisha hivyo.

Jaji akauliza polepole, "Na maji ya Jumamosi, ulimwaga lini?"

"Hayo sijawahi kumwaga, mheshimiwa. Nilikuwa natoa majani tu."

Jaji akaamuru bwawa liwe wazi kwa wote, kila siku, kesi ikiendelea. Wakoli alishika mkono wa Phelista, akamshukuru. Hatujatoka hata uani mwa korti, simu yake ikalia, ni meneja: Phelista asirudi kazini, funguo aziache kwa askari wa lango.

Phelista akatangulia kwenda bwawani, mimi nyuma yake.

Langoni, Ndirangu, yule askari, alizipokea funguo kama kitu cha moto. "Ai, Phelista! Sasa kesho nani atafungua?"

"Uliza jaji, bana."

Wakacheka wote wawili. Nikamkodolea macho mtoto wangu. Hana kazi, na anacheka.