Kikohozi Nje ya Mlango

Mwanangu wa kwanza alianza kulia jua likigusa mlima, kila siku, kana kwamba amepigiwa kengele. Moshi ukitoka tu kwenye majiko ya watu, naye anaanza. Anakunja magoti, anakaza ngumi, uso unakuwa mwekundu kama udongo wa barabara ya Magwagwa, na hanyamazi mpaka watu wamekula na kuosha vyombo. Titi hataki. Mgongoni hataki. Dawa ya tumbo ya dukani anaitema, inaniishia kifuani.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne kwenye sanduku la bati, na hasira. Mume wangu alikuwa kazini Kericho. Mwisho wa mwezi anakuja na mkate, anafika mtoto ameshalala, anasema, "Mbona ametulia tu?" Ningempiga na huo mkate.

Mama mkwe alisema ni macho ya watu. Nimpake mtoto samli mwili mzima, na jioni nisimtoe nje. Nikamwambia shuleni tulifundishwa viini vya magonjwa, si macho. Akanijibu, "Basi waambie hao viini wako wamnyamazishe."

Baba mkwe, ambaye sote tulimwita tata, hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwangu. Kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni ensoni, ile haya kati ya wazazi na wakwe, na mzee anayeivunja hana uso tena mbele ya watu. Mimi niliiona upuzi wa kizamani. Nilishasema hivyo jikoni kwa mama mkwe, wanawake wakainamia ugali wao.

Jioni moja, mtoto akilia, nikasikia kikohozi nje. Tata alikuwa amesimama penye migomba, kofia mkononi. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu akasogea karibu zaidi, akaita huku akitazama pembeni, "Mama wa mtoto, huyu bado analia?"

Swali gani hilo? Mlima wote ulikuwa unamsikia! Nikajua amechoka na kelele, amekuja kuniambia sijui kulea. Nikaufungua mlango kwa nguvu.

"Tata, huu ni mlango wa mke wa mwanao. Mzee mwenye ensoni anatafuta nini hapa jua likizama?"

Neno lile lile nililolicheka ndilo nililoliokota kama jiwe. Sikuteleza ulimi. Nililichagua, na nilijua litampata wapi.

Akavaa kofia. "Umesema vizuri," akasema, akaondoka.

Tangu siku ile, jioni alikwenda kukaa kwenye kibanda cha kupimia majani chai, hata siku ambazo lori lilikuwa limeshachukua majani na kuondoka.

Wiki ikapita. Tulikuwa tunaambua maharagwe, mama mkwe akasema bila kuniangalia, "Unajua alitaka nini pale?"

"Kunigombeza."

"Alikuwa anangoja umpe mtoto. Wangu wanne walilia hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyewabeba, anazunguka migombani akiguna kama anavyomgunia ng'ombe akikamwa, mpaka wananyamaza. Watu walimcheka, ati mwanamume ameota matiti. Hakujali."

"Si ulisema nisimtoe nje? Macho ya watu?"

"Babu yake ni watu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe huambiwi," akasema, akamwaga maharagwe kwenye chungu.

Kutoka mlango wangu hadi uani kwa tata hakukuwa mbali. Kuku wangu walikwenda na kurudi siku nzima. Mimi sikwenda. Kila asubuhi nilipanga maneno ya kuomba radhi, na kila jioni mtoto alipoanza, hasira iliyafagia yote. Siku moja nilimtupa kitandani. Siandiki nilimweka, nilimtupa. Aliruka kidogo kwenye godoro, akanyamaza kwa mshangao, akanitazama, kisha akaanza upya. Nikakaa sakafuni nikalia naye. Nilisikiliza kama kuna mtu atakohoa nje. Hakuna aliyekohoa.

Mtoto alipofikisha miezi minne kilio kikaisha chenyewe, bila samli wala cheti. Ndipo nikapata ujasiri, wakati ambapo haukuhitajika tena. Nikamfunga mtoto shuka safi, nikaenda. Tata alikuwa uani ananoa panga.

"Tata, nilikosa. Nimekuletea mjukuu wako umshike."

Akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama kwa muda mrefu. Mtoto akamchekea.

"Ameacha kulia?"

"Ameacha."

"Basi vizuri." Akalishika panga lake tena. "Mrudishe ndani, jua litamchoma."

Jua lilikuwa limeshazama.