Pampu ya Upasuaji Bwawani

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya Matuga, nimeshika fomu ya kuomba kibali cha kuzibua mtaro wa mbele ya nyumba yangu. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa Kikoneni, muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Aliweka pampu ya mguu juu ya kaunta, ile ya kunyonyea damu mgonjwa anapopasuliwa.

"Shikamoo, mama," karani alisema. "Tumesikia unaitumia kuondoa magugu kwenye bwawa la kijiji."

"Marahaba. Hospitali ilikuwa imeitupa. Yale magugu madogo yanayoelea, ukiyavuta kwa reki yanakatika, na kila kipande huota upya. Pampu huyanyonya mazima na mizizi yake, na oili chafu pia."

"Una barua ya ruhusa?"

Mama aliibonyeza pampu kwa kiganja, ikakoroma. "Na hayo magugu yaliingia kwa barua ya nani?"

Karani alifunga faili, akasema wataalamu watakuja kulikagua bwawa.

"Wakija watanikuta majini," mama akajibu, akaondoka na pampu yake kwapani.

Niliitazama fomu yangu. Mtaro wangu uliziba bila kumwomba mtu kibali. Nikaikunja, nikaenda kununua koleo la kuzibulia.