Zima Nikiona

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na laptopu ya mtumba, nzito kama jiwe la kusagia, na tabia mbaya: sikuhifadhi kazi yangu. Mtu mwenye digrii mbili angetarajiwa kujua. Lakini mashine ile ilikuwa na namna ya kulala iliyonizoesha uvivu. Ukibonyeza vitufe viwili pamoja, ilichukua kila kilichokuwa katika kumbukumbu yake, hata neno uliloliacha nusu, ikakiandika kwenye diski, kisha ikajizima kabisa. Ukiiwasha, hata baada ya wiki, ilikirudisha chote mahali pake. Ili diski ipate nafasi ya kubeba kumbukumbu nzima, nilifuta vitu vingi, hata riwaya niliyoandika ujanani. Hakuna aliyewahi kuiulizia.

Kwetu, juu ya Othaya, akina mama walikuwa wamechimba mitaro ya maji kwa majembe yao. Bomba lilipofika, mwenyekiti wa mradi alilipindisha likaingia shambani kwake. Ng'ombe wake wakanywa kwanza. Sisi tukanywa ahadi. Mkuu wa tarafa alikuwa na baraza Jumanne, na kwa kuwa hakujua Kigikuyu, akina mama waliniomba niandike malalamiko yao kwa Kiswahili. Alasiri mbili, katika ukumbi wa kanisa, kila mmoja alieleza alichimba kutoka mti upi hadi jiwe lipi, na nani alichimba akiwa na mimba ya miezi minane.

Jumatatu jioni, tukikaribia kumaliza, mwenyekiti aliingia na wanaume wawili wenye rungu.

"Mwalimu, ati unaniandika?"

"Naandika maji, mwenyekiti."

Kompyuta hazikuwa ngeni kwake. Ofisini kwake stima ilikuwa imewahi kupotea, na barua aliyokuwa akimtajia karani aiandike siku nzima ikapotea nayo.

"Hiyo mashine ikiuliza kama iweke, sema hapana. Halafu zima nikiona. Ama hawa waivunje."

"Usizime!" alisema cucu mmoja, bibi mzee kuliko wote pale.

Niliinamisha kichwa kama mwoga, kazi ambayo sikuhitaji kuifanyia mazoezi, nikabonyeza vile vitufe viwili. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye skrini.

"Hiyo laini ni ya nini?"

"Inazima."

"Mbona pole pole?"

"Ni mzee, mwenyekiti. Hata wewe huwezi kulala kabla ya kukohoa."

Hakucheka. Alishika waya wa stima, akauzungusha kidoleni. Betri ilikuwa dhaifu. Angeuvuta kabla mstari haujafika mwisho, mitaro yote ingefukiwa. Niliutazama ule mstari kama mtu anayemtazama mbuzi akivuka barabara. Ukafika. Skrini ikawa nyeusi.

Mwenyekiti akageuza mashine, akachomoa betri mwenyewe, akaitia mfukoni mwa koti. "Sasa imekufa."

Akina mama walitoka bila kuniaga. Cucu alisimama mlangoni. "Ulisoma bure," akasema. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama pale, nikaendelea kukunja waya.

Nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Skuta, nilichomeka waya. Kama mashine ingekuwa imesinzia tu, ingehitaji betri ili isisahau. Lakini hii ilikuwa imeandika, na kilichoandikwa kwenye diski hakiombi stima. Mstari ukatambaa tena, na maneno yakatokea yote, kishale cha kuandikia kikimetameta palepale nilipoishia. Usiku huo nilihifadhi mara nne, kama mlevi aliyeokoka. Kisha nikamalizia, nikachapa kwenye karatasi.

Barazani nilikuwa katikati ya ukurasa wa pili mwenyekiti aliporuka.

"Hiyo karatasi ni ya uongo! Ameitunga leo! Ile ya jana mimi mwenyewe niliona akizima. Na betri niko nayo!" Akaitoa mfukoni, akaiinua juu watu wote waione.

Mkuu wa tarafa akavua miwani.

"Betri ya nani, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaitazama betri mkononi mwake kana kwamba kuna mtu aliyeiweka pale. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kucheka, na mmoja akapiga mluzi. Nilingoja kelele zipungue, kwa adabu, kama tulivyofundishwa chuoni.

Cucu hakungoja. Alikuwa amesimama, mkono kiunoni.

"We mwalimu, soma! Bado hujafika kwa mtaro wangu."

Nikasoma, kwa sauti kubwa zaidi.